Mjomba, nianze na presi ipi ya kujazia risasi, na mke wangu hataki baruti ndani?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ila kuandika ndiyo mara ya kwanza. Ni mtu wa Tabora, naishi Idaho, Marekani, jirani na Boise, pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu. Mdogo ndiyo kwanza ameanza kutembea, na kila anachookota sakafuni kinaishia mdomoni. Kazi yangu ni fundi wa malori. Grini kadi ninayo, leseni ya kuwinda nakata kila mwaka.

Kuwinda nimekulia ndani yake. Babu yangu alikuwa na gobore, na kazi yangu ya utotoni ilikuwa kumshikia pembe ya baruti akishindilia. Alipima kwa kiganja, akatazama, akapunguza kidogo, akamimina. Sikuwahi kumwona akikosea. Huku nilifundishwa na jirani yetu, mzee wa Kimarekani aliyestaafu. Ndiye aliyenisaidia kuchagua bunduki ya kukoki kwa mkono, ya risasi za saizi ya .30-06, na ndiye aliyenipandisha milimani kufuata elki, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Nyama ya elki mmoja inatulisha miezi mingi, na hilo kwa mtu mwenye familia si jambo dogo.

Mzee huyo hanunui risasi dukani. Anaokota maganda yake yaliyopigwa, anayasafisha, anayajaza upya gerejini. Nimekaa naye jioni nyingi nikimtazama. Sasa macho yamefifia, hasomi tena mistari ya mizani, na ameamua kuacha. Ananiuzia kila kitu kwa dola 350: presi ya chuma ya zamani inayofanya hatua moja kwa wakati, mizani ya kusawazisha kwa mkono, kalibu za .30-06 (vile vyuma vinavyorudisha ganda kwenye umbo lake), kopo la kuhifadhia grisi ya maganda, vichwa vya risasi, makopo manne ya baruti (mawili yameshafunguliwa, moja lebo imechakaa), na fataki, vile viwashio vidogo vya kitako cha ganda, nyingine kwenye boksi zake, nyingine kazitia kwenye chupa ya jemu.

Upande wa pili kuna kijana wa kazini kwetu, Mkenya. Yeye ananicheka, anasema vyuma vya mzee ni vya makumbusho. Anataka tuchange watu watatu tuchukue kwa mkopo presi mpya ya mfululizo, ile ambayo kila ukivuta mkono risasi moja kamili inatoka. Anasema tutawajazia wenzetu wanaokwenda kulenga shabaha wikiendi, watulipe, na hela itarudi. Wa tatu wetu ni kijana aliyeko huku kwa viza ya masomo.

Mke wangu hataki hili wala lile. Yeye amezaliwa Fizi, Kivu Kusini, Kongo, akakimbilia Kigoma akiwa mtoto, akakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Bunduki amezivumilia kwa sababu zinakaa kwenye sefu ya chuma na ufunguo ninao mimi. Nilipomtajia kujaza risasi nyumbani aliweka mwiko chini, akanitazama, akasema: "Baba watoto, mimi sikukimbia baruti Fizi nije kulala nayo Idaho." Kisha akaendelea kusonga ugali. Tangu siku hiyo hajalirudia. Nimemwambia baruti nitaifungia humo humo kwenye sefu ya chuma, hakuna mtoto atakayeigusa, lakini hajibu.

Mimi naona ni kiwewe cha zamani, wala si hofu ya baruti yenyewe. Na naona risasi za dukani zinanimaliza. Sanduku la risasi 20 za kuwindia nalilipia dola 45, na kwa mwaka nakwenda masanduku matatu. Mzee anasubiri jibu, kuna mtu mwingine anavitaka vifaa vile.

Naomba uniambie mambo mawili: nichukue presi ipi, na nimwelezeje mke wangu akaelewa. Halafu kaka yangu wa Tabora kaniambia nikija likizo nimbebee vifaa kidogo naye aanze. Hilo nalo unalionaje?

Ni mimi, Mwindaji wa Idaho

*

Marahaba mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Umeuliza juu ya presi, nami nitakujibu juu ya presi, maana mwenyewe nimejaza maganda kwa miaka mingi huku ugenini na najua mtu anavyokaa usiku akitazama picha za vyuma asilale. Lakini ndani ya barua yako kuna mambo matatu yamefungwa pamoja. Kuna vifaa, kuna biashara ya kijana wa kazini, na kuna mwanamke aliyeweka mwiko chini. Wewe umeyaweka kwa mpangilio huo. Mimi ningependa tuyatazame bila kuharakishwa na huyo mnunuzi mwingine anayesubiri. Vyuma vya kujazia risasi havikosekani Marekani. Vikienda hivi, wiki ijayo vitauzwa vingine.

Tuanze na pesa, kwa kuwa umeitaja kana kwamba hesabu yake imeshafungwa. Masanduku matatu kwa dola 45 ni dola 135 kwa mwaka. Kujaza mwenyewe hakufuti gharama hiyo. Ganda unalo, lakini kichwa kizuri cha kuwindia elki peke yake kinaweza kukaribia dola moja, bado fataki, bado baruti. Tuseme unaokoa nusu, yaani dola 65 na ushee. Vifaa vya mzee ni 350. Juu yake utahitaji kalipa ya kupimia urefu wa maganda, kifaa cha kuyakatia yakirefuka, miwani ya kukinga macho, vitabu viwili vya vipimo, na baruti na fataki mpya kwa sababu nitakazokueleza. Ukifika dola 500 umejitahidi. Kwa mwendo huo pesa yako itarudi baada ya miaka saba au minane. Na ninaowafahamu katika shughuli hii, karibu wote, hawakuweka akiba. Walipiga risasi nyingi zaidi kwa pesa ileile. Si kosa, ukiwa unajua kwamba hicho ndicho unachokinunua. Kwa hiyo nakuuliza: unataka kuokoa dola 65, au unataka zile jioni za gereji, mzee na mizani yake, na kujua kwamba risasi iliyomwangusha elki uliitengeneza mwenyewe? Ikiwa ni hili la pili, mwambie mkeo hivyo. Sababu ya kweli, hata ikiwa ndogo, mtu ataipima kwa haki. Sababu ya pesa ataikokotoa, na hesabu itamwelemea upande wake.

Sasa vyuma. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Kujaza upya ni kulipaka ganda grisi, kulisukuma ndani ya kalibu ili lirudi kwenye umbo lake na fataki iliyotumika itoke, kulipima na kulikata likiwa limerefuka, kupachika fataki mpya, kumimina baruti iliyopimwa, kisha kukalisha kichwa kwa kina kinachotakiwa. Presi ni ule mtambo wa mkono unaosukuma ganda juu ndani ya kalibu. Ya mzee inafanya hatua moja. Unapitisha maganda yote hatua ya kwanza, unabadilisha kalibu, unayapitisha yote hatua ya pili. Ni polepole, na upole huo ndio unaomfunza mgeni, kwa sababu kila ganda linapita mkononi mwako mara nyingi na kila mara unalitazama. Utaona shingo iliyopasuka. Utaona ule mstari unaong'aa karibu na kitako cha ganda, dalili kwamba ukuta wake umekonda na siku moja ganda litakatika vipande viwili ndani ya chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki. Utasikia fataki inavyokaa kwenye kitundu chake, ile ya kubana na ile inayoingia kirahisi mno. Ukisahau grisi, ganda litanasa ndani ya kalibu na utahangaika jioni nzima kulitoa, na hutasahau tena.

Presi ya mfululizo hufanya hatua zote kwa wakati mmoja, kila ganda kwenye kituo chake. Kwa mtu wa mashindano anayepiga mamia kwa wiki ni chombo kizuri mno. Kwa mtu wa masanduku matatu kwa mwaka sioni kazi yake. Na inamtaka mtu atazame mambo manne au matano kwa mara moja kabla hajajua hata moja linavyokuwa likiharibika. Katikati yake ipo presi ya kichwa kinachozunguka: kalibu zote zimefungwa juu, unageuza kichwa badala ya kufungua na kufunga. Wengi huipenda, na huenda siku moja nawe ukaipenda.

Kwa hiyo chuma cha zamani kisikutie aibu. Presi ya chuma cha kusubu hudumu kuliko mwenyewe. Ukienda kwa mzee, vuta mkono wake taratibu ukisikilize chuma kinachopanda: kikitikisika kushoto na kulia, kimechakaa, kikipanda kwa utulivu, kiko salama. Tazama nyuzi za kufungia kalibu. Karibu kalibu zote na presi zote hutumia kipimo kimoja, inchi 7/8 yenye nyuzi 14, kwa hiyo kalibu za mzee zitaingia hata kwenye presi mpya utakayonunua baadaye. Kile kishikio cha kitako cha .30-06 kitakufaa pia kwa .308, .270 na .243, maana vitako vyao ni vya ukubwa mmoja. Mizani ya kusawazisha ikiwa makali yake hayana kutu na mkono wake unarudi sifuri kila ukiugusa, mimi naiamini kuliko nyingi za betri. Nunua tu vizito vidogo vya kuikagulia. Kalibu zikague kwa tochi: ikiwa ndani kuna mkwaruzo, kila ganda litatoka na mkwaruzo huohuo.

Ila yale makopo ya baruti na ile chupa ya jemu, mpwa wangu, hapo nakushika mkono kabisa. Usivichukue, hata akikupa bure. Kopo lililofunguliwa na mtu ambaye macho yamefifia linaweza kuwa na baruti nyingine ndani, na huna namna ya kuitambua kwa kuitazama. Hata majina yenyewe yanapotosha. Kuna baruti iitwayo 4350 ya kampuni ya Hodgdon, ya IMR na ya Accurate; namba ni ileile, vipimo havibadilishani. Kwenye .30-06 ganda hujaa karibu juu, kwa hiyo kumimina mara mbili kutamwagika utaona. Lakini ukiweka baruti ya bastola, ile inayowaka kwa kasi, ganda linaweza lisijae na usione kitu, na bunduki inaweza kupasuka mbele ya uso wako. Na fataki zikilundikwa kwenye chupa, moja ikilipuka huziamsha zote pamoja, na kioo kinakuwa vipande vya kuruka. Ndiyo maana viwandani huzipanga moja moja kwenye visahani vyenye nafasi. Mwambie mzee kwa heshima apige simu kikosi cha zimamoto cha kwenu awaulize namna ya kuviondoa. Anaweza kuona umemvunjia adabu. Mwambie tu una mtoto mdogo, ataelewa. Baruti na fataki mpya hutazipata kwa tabu huko uliko: fataki za CCI na vichwa vya Speer vinatoka Lewiston, kaskazini mwa jimbo lenu hilohilo.

Halafu kuna babu. Nimelipenda lile neno la kiganja, maana nami nimewaona wazee wa namna hiyo. Ila gobore lilitumia baruti nyeusi, inayotoa moshi mzito, nayo humvumilia mtu kwa kiasi fulani. Baruti isiyo na moshi ya risasi za leo ni kitu kingine kabisa. Inapimwa kwa greni, na greni 7,000 ndizo pauni moja. Tofauti ya greni mbili tatu kwenye kipimo cha juu inaweza kuitoa risasi kwenye salama na kuiingiza kwenye hatari. Unachokifanya ni kufungua kitabu, kutafuta kichwa cha uzito wako na baruti ya jina lako, na kuanza kwenye kipimo cha chini kilichoandikwa, kisha kupanda kidogo kidogo ukitazama dalili za presha kuzidi. Vitabu viwili, si kimoja, na usichukue kipimo cha mtu kwa mdomo, hata cha mzee. Bunduki yake na yako ni za jina moja lakini chemba hazilingani. Nakwambia haya kwa sababu mtu aliyekua na baruti mkononi anaweza kuizoea kuliko yule asiyeijua kabisa, na mazoea hayo hayatakusaidia hapa. Kwenye hili mkeo anayeiogopa yuko karibu na ukweli kuliko wewe.

Na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Umesema ni kiwewe cha zamani, si hofu ya baruti. Umejuaje? Alisema sentensi moja akarudi kwenye ugali. Huenda ni kweli kwamba Fizi imo ndani yake, na ikiwa imo ina haki ya kuwemo. Mtoto aliyekimbia usiku hasahaulishwi na mume kwa maelezo. Lakini huenda pia amefanya hesabu ambayo wewe hujaifanya. Ulimwambia utaifungia baruti kwenye sefu ya chuma. Mpwa, hapo ndipo mahali pasipofaa kabisa. Baruti isiyo na moshi ikiwaka mahali pa wazi inaunguza kwa kasi na kwa moto mkali. Ikiwaka ndani ya chuma kilichofungwa kisichopumua, presha inapanda mpaka kile chuma kinakuwa bomu. Inatakiwa ikae kwenye kopo lake la asili, kwenye kabati la mbao lenye kufuli, mahali pakavu na pa baridi, mbali na jiko na hita ya maji. Kanuni za zimamoto zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani huruhusu nyumbani baruti isiyozidi pauni 20 kwenye makopo yake, na fataki zisizozidi 10,000. Na kuanzia pauni 20 hadi 50 hutaka kabati la mbao lenye unene wa inchi moja. Wewe hutahitaji hata pauni mbili. Ila mji wako unaweza kuwa na masharti yake, na ikiwa nyumba ni ya kupanga, mkataba na bima navyo vina la kusema. Mkeo hakuwa anajua kanuni hizi, lakini alijua kwamba jibu ulilompa halijakamilika.

Liko na lingine ambalo hukulitaja, nalo linanigusa zaidi kwa sababu ya huyo mdogo. Ni madini ya risasi, yale mazito yenye sumu. Fataki nyingi zina mchanganyiko wake, na ganda lililopigwa hubaki na vumbi lake ndani. Ukiyazungusha maganda kwenye chombo cha kusafishia kikavu, vumbi hilo hupanda hewani, hutua mezani, kwenye shati, kwenye zulia. Wataalamu wa afya wanasema hakuna kiwango cha madini hayo katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni ndiye anayelipata kwanza. Kwa hiyo maganda yasafishwe kwa maji, usifagie kavu bali ufute kwa kitambaa chenye maji, nguo za kazi hiyo zisiingie chumbani, mikono ioshwe kwa sabuni kabla hujamshika mtoto, na usile wala kunywa ukiwa mezani pale. Kazi hii haifanyiki kwenye meza ya chakula, hata mara moja. Kama hamna gereji yenye mlango unaofungwa, basi swali la presi ipi bado halijafika wakati wake.

Unaniuliza umwelezeje akaelewa. Ningegeuza: umuulizeje akuelewe, nawe umwelewe. Muulize mkiwa wawili, watoto wamelala, bila kitabu wala picha ya presi mkononi. Muulize anachokiona akisikia neno baruti. Muulize ni kipi kingemfanya alale vizuri, na kama hakipo, akubaliwe kusema hakipo. Usimjibu usiku ule. Ukimjibu papo hapo atajua ulikuja kushinda.

Njia ziko zaidi ya mbili ulizoziona. Unaweza kununua vyuma vya mzee na kuviacha kwake. Gereji ni yake, macho hana, wewe macho unayo. Mkajaza pamoja, yeye akikuelekeza kwa uzoefu, wewe ukisoma mizani, na nyumbani kwako isiingie hata punje. Hii ina kasoro yake: siku mzee akiondoka, swali litarudi, na kumbukumbu za kila ulichojaza lazima ziwe zako kwa maandishi. Unaweza kununua kitabu kwanza, ukisome msimu mzima, ununue chuma mwaka ujao mtoto akiwa amekua kidogo. Hapo unaweza kukosa bei ya 350, na ni hasara ndogo. Unaweza kutumia kibanda cha uani, ila kiangazi cha Idaho ni kikali na kibanda cha bati kinakuwa tanuri, baruti haipendi hivyo. Unaweza pia kuendelea kununua dukani, ukatafuta sanduku la bei nafuu la kulengea na lile la dola 45 ukaliweka kwa ajili ya mlimani tu. Hiyo peke yake inaweza kukuokolea karibu kiasi kilekile bila kubadilisha lolote nyumbani. Sikuchagulii. Kila moja ina mtu anayebeba uzito wake, na ningependa ujue ni nani kabla hujaichukua.

La kijana wa kazini nitalisema kwa ufupi kwa kuwa sheria imeshalisema. Kujaza risasi kwa matumizi yako mwenyewe hakudai leseni ya serikali kuu. Kuzijaza kwa ajili ya kuuza ni biashara ya kutengeneza risasi, na biashara hiyo inadai leseni, ile ya aina ya 06. "Wenzetu watatuchangia" mbele ya sheria kunaweza kusomeka kuwa ni kuuza. Na mwenzenu mwenye viza ya masomo yuko mahali pabaya: sheria ya shirikisho humkataza mtu wa viza ya muda kumiliki bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa, kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Kosa dogo kwa mwenye pasi ya Marekani, kwake ni kurudishwa nyumbani na masomo kukatika. Wewe mwenye grini kadi nawe una kitu cha kupoteza. Zaidi ya sheria, fikiria risasi uliyoijaza wewe inapasuka kwenye bunduki ya rafiki. Watengenezaji wengi wa bunduki hawatambui dhamana bunduki ikiharibiwa na risasi iliyojazwa upya, na jicho la mtu halina dhamana. Kijana huyo nadhani ana nia njema. Muonyeshe aya hii.

Na kaka wa Tabora: usimbebee. Baruti na fataki haziruhusiwi ndegeni, si mkononi wala kwenye begi la kupakiwa. Hata vyuma vitupu vitakuletea maswali forodhani, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mambo ya silaha na risasi huko yanakwenda kwa kibali, si kwa mzigo wa likizo. Kama anamiliki bunduki kihalali, aulize polisi wa kwao kabla hajaota. Mpelekee kitu kingine, hawezi kukosa cha kufurahia.

Ukishaongea na mama watoto, niandikie mlipofika, hata kama hamkufika popote. Na yeye akitaka kuniandikia mwenyewe, aandike kwa Kiswahili chake cha Fizi au cha Kigoma, nitamjibu kwa uzito uleule niliokujibu wewe.

Wako, Mjomba